Pedi za kapeti, mchanga na mashine ya kufulia ya mama watoto

Mtu akitaka kuanza kazi ya kusafisha makapeti anauliza bei ya mashine, ile ya duara ya inchi 17 unayoipeleka kushoto kulia, anauliza dawa ipi nzuri, anauliza pedi ngapi, yale matambara mazito ya duara yanayokaa chini ya mashine, zinatosha sebule ya kawaida. Hamna anayeuliza hizo pedi zikishachafuka zitafuliwa wapi. Alafu siku ya kwanza ya kazi inaisha, kijana anarudi nyumbani na ndoo imejaa vitambaa vyeusi vinavyonuka soksi za watu asiowajua, mama watoto anaangalia ndoo, anaangalia mashine yake ya kufulia aliyoichangia kwenye mchezo, na hapo ndo maswali yanaanza.

Mi kazi hii naifanyia Dar. Ofisi, nyumba za watu, na misikiti ile wiki kadhaa kabla ya Ramadhani ambapo kila msikiti unataka kapeti lake lisafishwe kwa pamoja na simu hailali. Na nimefika mahali naamini kitu kimoja tu kuhusu kufua pedi: kwamba mashine ya kufulia inatakiwa iwe kituo cha mwisho, na ipelekewe pedi ambayo kazi kubwa imeshafanyika kwingine. Anayetupia pedi moja kwa moja kwenye mashine akabonyeza kitufe, hafui pedi, anasaga mashine.

Ngoja nieleze kwa nini, sababu watu wengi wanaogopa kitu ambacho sio.

Hii njia ya pedi inatofautiana na ile ya kumwaga maji na kunyonya. Kwenye kunyonya, uchafu unaingia kwenye tangi, unamwaga, basi. Kwenye pedi unapuliza dawa kidogo, unazungusha, na pedi ndo inayobeba kila kitu, ndo maana kapeti inakauka haraka na ofisi inaweza kufunguliwa asubuhi kama kawaida. Raha yote ya kapeti kukauka mapema inalipiwa na pedi. Ndani yake kuna mafuta ya ngozi, chai iliyomwagika mwaka juzi, nywele, nyuzi za kapeti lenyewe, dawa yako uliyopuliza, na mchanga. Sasa hapo kwenye mchanga ndo pa kusimama, hivyo vingine mashine ya kufulia inavimudu, nguo za kazi za fundi gereji ni chafu kuliko hivyo na zinafuliwa kila siku.

Mchanga wa pwani yetu kwa sehemu kubwa ni kwatzi. Kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, wajuzi wa mawe wanaipa 7 kwenye kipimo chao cha ugumu kinachoishia 10 kwenye almasi. Na ni nzito, ukubwa uleule inazidi maji kwa zaidi ya mara mbili na nusu, kwaiyo ikiingia kwenye maji haielei ikatoka na povu, inazama. Na chini kabisa ya mashine ya kufulia kuna nini? Kwenye zile za mlango wa mbele ndo kuna hita ya kuchemshia maji na bomba linaloelekea kwenye pampu ya kutolea maji. Pampu yenyewe ni kidude kidogo chenye feni ya plastiki, kilitengenezwa kusukuma maji ya nguo, sio kokoto. Mchanga unajaa pale, unakwangua feni, unazunguka na uzi na nywele unakuwa kama donge la saruji, mwisho mashine inagoma kutoa maji huku nguo zako zimefungiwa ndani zinaelea.

Hilo la pampu ni dogo kumbe. Pampu inabadilishwa. Kubwa ni sili ya nyuma, ule mpira unaobana shafti ya pipa ili maji yasifike kwenye beringi. Chenga zikikaa kati ya mpira na shafti zinachimba taratibu, maji yanapenya, beringi inapata kutu, alafu siku moja mashine ikianza kukamua unasikia mlio kama ndege inataka kuruka pale Terminal 3. Na mashine nyingi za siku hizi pipa lake la nje la plastiki limegandishwa moja kwa moja kiwandani, halifunguki kwa bolti, kwaiyo ili kubadilisha beringi ya bei ndogo fundi inabidi alipasue pipa kwa msumeno alafu aliunge tena kwa gundi na bolti za kwake. Fundi wangu huwa ananiita kaka, siku akiniita bosi najua kuna kupasua.

Sasa watu wanaangalia rangi ya maji. Wanasuuza pedi mpaka maji yawe meupe ndo wanaona imekuwa salama, na wanamaliza ndoo kwa ndoo za maji. Jaribu hivi siku moja: chukua maji ya kwanza ya pedi chafu uyaweke kwenye chupa ya kioo, tikisa, iache mezani. Mchanga unashuka ndani ya sekunde chache unaona kabisa umelala chini. Vumbi laini linachukua dakika hadi masaa. Ule udongo unaofanya maji yawe rangi ya chai unaweza kuelea mpaka kesho. Maana yake maji ya kahawia yanaondoka na pampu bila shida, na maji meupe yanaweza yakawa na mchanga wa kutosha kwenye kitako cha ndoo ambao hujauona. Mi siangalii rangi, napapasa. Naingiza mkono chini ya beseni, nasaga vidole, nikisikia chenga bado, nisiposikia twende.

Ila hata kabla ya beseni, pedi inafuliwa sebuleni kwa mteja. Yaani namaanisha vakyumu, mashine ya kunyonya vumbi kavu. Mchanga mkavu unatoka kwenye kapeti kirahisi ukiwa mkavu, ukishaulowesha kwa dawa umeshikana na nyuzi na pedi ndo itaubeba. Vijana wanaruka hii hatua sababu mteja haioni kama kazi, mteja anataka aone maji na povu ndo ajue hela yake imefanya kitu. Wewe piga vakyumu taratibu, mlangoni na mbele ya makochi rudia rudia, pale ndo mchanga unapoishi, hasa nyumba za Kigamboni, Goba, Mbezi ya juu huko ambako ukitoka getini tu uko kwenye vumbi. Kazi ambayo nimepiga vakyumu vizuri na kazi ambayo nimelipua, pedi zake ukizisuuza tofauti inaonekana kwenye kitako cha beseni, hata mtoto ataona.

Na pedi igeuze ikiwa bado, usisubiri iwe nyeusi tii. Ikishajaa haichukui tena uchafu, inautembeza tu, unapaka sebule nzima uchafu wa mlangoni.

Ukitoka kwa mteja, pedi zisikauke na mafuta yake. Hapa najua kuna wanaobisha, wanasema ianike ikauke kwanza alafu uikung'ute ukutani, mchanga unadondoka wenyewe. Kwa kapeti yenye vumbi tu, ofisi ya ghorofani hivi, sikatai, inafanya kazi. Ila kwa nyumba yenye watoto na jiko linalotoa mafuta, uchafu ukikauka unaganda kwenye uzi na utaufua mara mbili. Mi naziweka kwenye ndoo yenye mfuniko zikiwa na unyevu na nazifua usiku huohuo. Zikilala hivyo mpaka kesho na joto letu hili la Dar, ukifungua mfuniko utajuta kuwa na pua.

Haya, beseni. Beseni kubwa au lile pipa lililokatwa nusu, maji mengi, bila sabuni kabisa, sababu sabuni tayari imo ndani ya pedi, ile dawa uliyopuliza. Chini naweka kreti ya soda iliyogeuzwa au chujio pana la plastiki, ili mchanga ukishuka upite kwenye matundu na pedi isiufikie tena. Alafu unafanya kama mama anavyoosha mchele wenye mawe: unatikisa, unainua cha juu taratibu, mawe yanabaki chini. Kosa la wengi ni kumwaga beseni zima pamoja na pedi, hapo mchanga wote uliotoka unarudi kuchujwa na pedi hiyohiyo. Inua pedi kwanza, ndo umwage. Na kile kitako chenye mchanga usikimwage kwenye chemba wala kwenye mfereji unaopita kwa jirani, kitupe kwenye mchanga mwenzake au kwenye taka, chemba ikiziba utaita gari la maji machafu na gharama yake unaijua.

Kama una hela kidogo na haraka nyingi, peleka kwenye sehemu ya kuosha magari. Wale vijana tayari wanaosha makapeti ya watu pale pale kwenye sakafu, pedi hazitawashangaza. Mwambie abane pedi kwenye fensi au kwenye ngazi, apige presha kwa kushuka chini, juu kwenda chini, mchanga udondoke. Pedi za pamba zinavumilia. Zile za maikrofaiba, zenye vinyuzi vyembamba sana vya plastiki, mwambie asimame mbali kidogo, akisogeza ile pua ya mashine karibu anazichana vile vinyuzi na pedi inakuwa na upara.

Ndo sasa tunafika kwenye mashine, na hapa nina maoni yangu ambayo wenye mashine za bei mbaya hawayapendi. Kwa pedi, mashine nzuri ni ile ya mapipa mawili, moja la kufulia na lingine la kukamulia, ya kufungua juu, ya kujaza maji kwa mkono, inayodharaulika madukani Kariakoo. Sababu nyingi kati ya hizo hazina pampu, maji yanatoka yenyewe kwa kushuka, unageuza kitasa tu valvu inafunguka. Unaona maji kwa macho, unaweza kusimamisha popote, unaweza kuokota mchanga kwa mkono. Sehemu yake ya kuumwa ni mbili: ile valvu, uzi na mchanga vikikaa kwenye mpira wake haifungi vizuri na maji yanavuja muda wote unaofua, na ile sahani ya chini inayozunguka, mchanga unaingia chini yake na kula sili ya shafti. Sahani inafunguliwa kwa skrubu moja katikati, ifungue mara kwa mara usafishe chini yake, utakuta vitu huko hata sivitaji. Na ikifa, imekufa mashine ya bei ndogo.

Ukiwa huna hiyo, una ya mlango wa mbele, ya familia, na huna namna, basi inawezekana, ila kuna masharti na mimi siyapunguzi.

Sabuni kwanza. Unga wa kufulia kwa mkono usitie. Unga ule umetengenezwa utoe povu jingi sababu sisi tunapenda povu, na pedi yako tayari ina povu lake, vikikutana mle ndani povu linajaa mpaka kwenye kisanduku cha sabuni juu, pampu inavuta povu badala ya maji, mashine inasimama na kuandika herufi zake za kosa kwenye kioo. Mzunguko wa kwanza suuza tu bila kitu. Wa pili tia sabuni ya mashine otomatiki, nusu ya kile kipimo wanachokuandikia.

Kukamua ndo kunakoua mashine kimya kimya. Pedi zikilowa ni nzito na zina tabia ya kujikusanya upande mmoja, hasa zile zenye velkro mgongoni zinashikana zinakuwa donge. Sasa hesabu yake ni hii, pipa lenye upana wa sentimita 48 likizunguka mara 1200 kwa dakika, kilo 1 iliyokaa upande mmoja inavuta kama uzito wa kilo 380 hivi, inavuta huku, inavuta kule, mara 20 kila sekunde. Hiyo ndo inayofanya mashine itembee mpaka katikati ya bafu. Ukipunguza spidi ikawa 600, nguvu haishuki nusu, inashuka mpaka robo, karibu kilo 96. Kwaiyo kamua kwa 600, acha jua limalizie, jua letu halilipiwi LUKU. Na usijaze, nusu ya pipa inatosha, zile kilo 7 zilizoandikwa mlangoni ni za nguo kavu. Zenye velkro zikunje velkro kwa velkro au uziweke kwenye mfuko wa neti, na neti hiyo itakusaidia kukamata uzi wa pamba pia.

Uzi nao. Pedi za pamba zinamwaga uzi kila zinapofuliwa, za maikrofaiba zinaunasa, ukizichanganya utatoa maikrofaiba yenye manyoya. Fua mbali mbali. Mwisho wa bomba la kutolea maji funga soksi ndefu ya kike ya zamani, inachuja uzi vizuri ajabu, ila isafishe kila mara, ikiziba maji yanarudi na umejitengenezea tatizo lilelile ulilolikimbia. Filta ya pampu, ile iliyo nyuma ya kamlango kadogo chini kulia au kushoto, ifungue kila ukimaliza pedi, weka bakuli chini maana maji yatatoka. Kuna watu wana mashine kwa miaka na hawajui kama kale kamlango kanafunguka, nishakuta kwa mteja sarafu, hereni na skrubu.

Joto: maikrofaiba ni poliesta na nailoni, 60 inavumilia vizuri, 40 inatosha kwa pedi iliyosuuzwa. Kuchemsha lita 15 kutoka 25 kwenda 60 ni kama uniti 0.6 ya umeme, kwenda 40 ni robo uniti tu. Kwaiyo 60 naiweka kwa pedi zilizotoka kwenye nyumba yenye mbwa, mgonjwa, au mtoto anayekojoa kwenye kapeti, zingine 40. Dawa ya kulainisha nguo usiguse, inaacha utando kwenye vinyuzi na maikrofaiba inakuwa haishiki uchafu wala maji, inateleza tu. Nguo zinanukia, pedi imekufa.

Jiki nayo, jamani. Najua inavyotupa moyo ile harufu. Kwenye mashine za mlango wa mbele, ule mkono wa pembe tatu unaoshika pipa kwa nyuma mara nyingi ni wa alumini, na jiki ukiizoesha inautafuna, siku unakatika pipa linadondokea ndani. Kwenye pedi inachakaza nyuzi. Na kama doa lenyewe ni udongo mwekundu, wale wa Arusha na Moshi mnaujua, rangi ile ni ya chuma, jiki haiitoi, inaweza ikaikaza zaidi. Pedi yenye rangi ya udongo ila isiyo na chenga ni pedi safi, acha kushindana nayo.

Kuna pedi ambayo haiingii kwenye mashine yoyote hata usuuze vipi, nayo ni ile uliyotolea rangi, gundi au bigijii kwa thina, petroli au mafuta ya taa. Mvuke wake unajaa kwenye pipa lililofungwa, na mota nyingi za zamani zenye brashi zinatoa cheche. Kwenye mashine ya kukaushia ndo usithubutu kabisa. Kwa kazi hizo tumia tambara, lianike nje peke yake mpaka harufu iishe, alafu litupe. Usilifungie kwenye mfuko wa rambo juani.

Maji ya kisima. Mitaa mingi ya Dar karibu na bahari kisima kinatoa maji ya chumvi, na watu wanafulia hayo sababu ya DAWASA hayajatoka. Kwenye beseni ni sawa kabisa, mchanga haujali. Ila sabuni ya mche humo itakuletea ule ukoko mweupe, na mashine ikilala na maji ya chumvi tumboni inaota kutu. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba hata kama ni ya ndoo moja uliyoiweka pembeni, na ukimaliza pedi endesha mzunguko mmoja mtupu wa maji ya moto kabla hujarudisha nguo za watoto. Mlango uache wazi, futa ule mpira wa mlangoni mpaka kwenye mikunjo, mchanga wa mwisho mwisho unajificha pale.

Dobi usimpelekee kimya kimya, mwambie ni pedi za nini. Wengi watakataa na wana haki.

Yote haya yana muda na maji na umeme ndani yake, na hapo ndo naona vijana wanajiumiza, wanapiga bei ya kapeti kwa mita za mraba wakihesabu dawa na nauli tu, kufua pedi wanakuona kama usingizi, ni wa bure. Mi kila pedi itakayotumika kwa mteja naihesabia na kufuliwa kwake, iko kwenye bei, mteja akiomba punguzo naweza kupunguza vingine ila hiyo haitoki. Na pedi haziishi milele. Ya maikrofaiba ipitishe kwenye kiganja kikavu, kama haikwaruzi wala kunasa kidogo kwenye ngozi, imeisha, hata uifue kwa maji ya Zamzam. Ya pamba ikianza kuonyesha turubai la katikati, ikate vipande. Za kwangu zilizochoka anazichukua kijana wa bodaboda wa hapa kijiweni, anafutia cheni.